Jilfidan, Mama wa Seyyida Salme: Asili Yake, Maisha Yake na Nafasi Yake katika Maandishi ya Mwanawe

UTANGULIZI

Miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa juu ya Unguja ya karne ya kumi na tisa, kumbukumbu za Seyyida Salme binti Said zina nafasi ya pekee. Zilichapishwa Berlin mwaka 1886 kwa lugha ya Kijerumani, wakati mwandishi wake alipokuwa amekwisha kubadili dini, nchi na jina, akijulikana kama Emily Ruete. Wanahistoria wamekitumia kitabu hicho kutafuta habari za Seyyid Said bin Sultan, za ugomvi wa wanawe Majid na Barghash, na za mashindano ya Waingereza na Wajerumani katika pwani ya Afrika Mashariki. Wanafasihi nao wamekihesabu katika tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa za mwanamke wa Kiarabu.

Hata hivyo, yuko mtu mmoja ambaye hutajwa kwa sentensi moja au mbili tu katika mijadala hiyo, kisha akaachwa. Huyo ni Jilfidan, mama mzazi wa mwandishi. Kwa kawaida husemwa kuwa alikuwa suria wa Kijarkasi, na msomaji akahamishiwa haraka kwa baba, kwa sababu baba ndiye aliyekuwa na dola, majumba na merikebu. Salme mwenyewe hakufanya hivyo. Katika kurasa za mwanzo za kitabu chake alimpa mama nafasi ya heshima, akaeleza kutekwa kwake, malezi yake, tabia yake na daraja yake katika jumba la kifalme.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo matatu. Kwanza, Jilfidan alikuwa nani, na asili yake ilihifadhiwaje. Pili, hali yake ya maisha ilichangia nini katika kumfanya binti yake kuwa mwandishi. Tatu, msomaji wa leo azisomeje habari za mama ambaye ushahidi wake karibu wote umepitia katika kalamu ya mwanawe. Jambo hili la tatu ndilo zito zaidi, kwani linahusu haki ya mtu aliyetekwa kuonekana katika historia kwa hali yake mwenyewe, wala si kama pambo la nasaba ya bwana wake.

JINA NA ASILI

Jina lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Katika jamii ya Waarabu wa Omani na Unguja, mtu huru alitajwa pamoja na baba yake. Mke mkuu wa Seyyid Said aliyekuwapo wakati Salme anazaliwa alijulikana kama Azza binti Sef. Mwandishi wetu alikuwa Salme binti Said. Lakini mama yake ni Jilfidan tu. Hakuna "binti" baada ya jina lake. Vivyo hivyo mama yake Majid, ambaye naye alikuwa Mjarkasi, hutajwa kwa jina moja la Sara. Neno dogo "binti" lilikuwa mpaka kati ya mwanamke aliyeletwa na nasaba yake na yule aliyeletwa bila ya nasaba.

Aidha, Jilfidan halionekani kuwa jina la Kijarkasi. Linafanana sana na jina la Kituruki Gülfidan, lenye sehemu mbili: neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya waridi, na neno "fidan" lenye maana ya mche. Sauti ya "g" ikigeuka kuwa "j" katika vinywa vya Waarabu, Gülfidan huwa Jilfidan bila taabu. Katika dola ya Waturuki ilikuwa desturi kuwapa watumwa wa kike majina mapya yenye kutaja maua, vito na uzuri. Ikiwa tafsiri hii ni sahihi, basi jina ambalo mwanamke huyu anakumbukwa kwalo ni la njia aliyopitishwa, wala si la nyumba aliyozaliwa.

Kuhusu nyumba hiyo, Salme aliandika yale aliyoyasikia kwa mama. Baba yake Jilfidan alikuwa mkulima. Walikuwa watoto watatu: kaka mkubwa, Jilfidan mwenyewe, na mdogo wao wa kike mwenye umri wa miaka mitatu hivi. Vita vilipozuka ghafla, nchi ikavamiwa na magenge ya wanyang'anyi, na jamaa hiyo ikajificha katika chumba cha chini ya ardhi. Maficho yao yaligunduliwa. Wazazi waliuawa, na watoto wakachukuliwa na wapanda farasi watatu. Mmoja alitoweka mapema pamoja na kaka. Wawili waliobaki walikwenda njia moja mpaka jioni, yule mdogo akimlilia mama yake, kisha nao wakaachana. Tangu jioni hiyo Jilfidan hakusikia tena habari za ndugu zake mpaka alipokufa.

Habari hizi zinaafikiana na historia ya nchi hiyo. Wajarkasi ni watu wa upande wa kaskazini-magharibi wa milima ya Kaukazi, karibu na Bahari Nyeusi. Kwa miaka mingi walipigana na dola ya Urusi. Mwaka 1829, kwa mkataba wa Adrianople, Waturuki waliwaachia Warusi madai yao juu ya pwani ya Ujarkasi, na vita vikaendelea mpaka mwaka 1864, ambapo watu wengi mno walifukuzwa katika ardhi yao. Katika vurugu hizo, na hata kabla yake, biashara ya kuwauza wasichana na wavulana wa Kaukazi ilikuwa kubwa. Walivushwa Bahari Nyeusi na kupelekwa katika miji ya Waturuki, na kutoka huko baadhi yao waliuzwa mpaka Misri, Uarabuni na kwingineko.

Salme alikisia kuwa mama yake alikuwa na umri wa miaka saba au minane alipoingia katika nyumba ya Seyyid Said, kwa kuwa jino lake la kwanza lilimtoka akiwa humo. Hesabu hii inastahili kuangaliwa. Umri wa binti wa mfalme ulijulikana kwa tarehe: Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844. Umri wa mtoto aliyetekwa ulipimwa kwa jino.

HADHI YA SURIA KATIKA JUMBA LA MTONI

Jilfidan aliishi sehemu kubwa ya maisha yake katika Bet il Mtoni, jumba lililojengwa ufukoni, upande wa kaskazini wa mji wa Unguja. Kwa maelezo ya Salme, watu wapatao elfu moja waliishi humo, wakubwa na wadogo, waungwana na watumwa. Palikuwa na ua mpana wenye tausi, paa na ndege wengine wa fahari, mabafu ya kuogea, na baraza la mviringo lililoelekea baharini ambamo Seyyid Said alipenda kutembea akitafakari. Magofu ya jumba hilo yangalipo.

Sheria iliyotawala maisha ya masuria yahitaji kufafanuliwa, kwani bila ya kuifahamu hadhi ya Jilfidan haieleweki. Suria alikuwa mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Mtoto wake, akikubaliwa na baba, alizaliwa huru, na haki yake ya urithi ilikuwa sawa na ya mtoto wa mke wa ndoa. Suria aliyezaa aliitwa kwa Kiarabu "ummu-walad", yaani mama wa mtoto. Hakuweza kuuzwa tena, na bwana alipofariki alikuwa huru. Kwa hiyo, Salme alizaliwa akiwa huru wakati mama aliyemzaa alikuwa bado hana uhuru kamili. Mama na mtoto walilala chini ya dari moja wakiwa katika tabaka mbili za kisheria. Hali hiyo ilidumu miaka kumi na miwili, mpaka Seyyid Said alipofariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea kutoka Omani.

Desturi nayo iliongeza madaraja yake juu ya sheria. Juu ya wote alikuwa Azza binti Sef, ambaye hakuwa na mtoto lakini aliitawala nyumba nzima, na watoto wote wa mfalme walipaswa kumstahi. Chini yake masuria waligawanyika kwa asili zao. Wajarkasi, ambao bei yao ilikuwa kubwa, walijiona bora kuliko Wahabeshi, na wengine wao hawakutaka kula pamoja nao. Watoto nao walirithi ugomvi huo: wale waliozaliwa na Wahabeshi waliwaita ndugu zao wa mama wa Kijarkasi "paka", kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Basi hata miongoni mwa watu walionunuliwa, soko liliendelea kuwapangia vyeo baada ya kutoka sokoni.

Katika mazingira hayo, picha ya Jilfidan inayotolewa na binti yake ni ya mtu aliyetafuta cheo kwa njia nyingine. Hakusifiwa kwa uzuri wa sura, ingawa alikuwa mrefu, mwenye umbo jema, macho meusi na nywele zilizofika magotini. Wala hakusifiwa kwa werevu mkubwa. Alisifiwa kwa upole, ucha Mungu, ukweli na ufundi wa sindano. Alikuwa na marafiki wengi, jambo ambalo Salme aliliona kuwa nadra katika nyumba ya namna ile. Seyyid Said hakumkatalia ombi, na aghalabu maombi yake yalikuwa kwa ajili ya wengine. Alipokwenda kumwona, mfalme aliinuka na kumlaki njiani, heshima ambayo watu wachache sana waliipata. Alimzaa pia binti mwingine aliyekufa angali mdogo, na kwa hiyo Salme alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki.

Kisa kimoja kinatosha kuonyesha alichokithamini. Salme alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, moto ulizuka usiku katika mabanda ya farasi karibu na jumba. Ilidhaniwa kuwa jumba zima lingeteketea. Jilfidan alimchukua mtoto kwa mkono mmoja na msahafu wake mkubwa kwa mkono wa pili, akakimbilia nje. Mali yake nyingine aliiacha.

LUGHA ZA JUMBANI

Kwa wanaisimu, Bet il Mtoni ni mahali pa kuvutia. Jina lenyewe limeungwa kwa lugha mbili: "bet", yaani nyumba, ni la Kiarabu, na "mtoni" ni la Kiswahili, lenye kiambishi chake cha mahali. Bet il Watoro, jumba la mjini ambalo Jilfidan alihamia baadaye, limeungwa kwa njia hiyohiyo. Majina haya hayakubuniwa na wanazuoni. Ni ushahidi kwamba mpaka kati ya lugha ya watawala na lugha ya wenyeji ulikuwa umekwisha kupenywa kabla mtu yeyote hajauandikia sarufi.

Mbele ya Seyyid Said ilipasa kusemwa Kiarabu peke yake. Alipogeuka tu, kwa maelezo ya Salme, palisikika Kiajemi, Kituruki, Kijarkasi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi, pamoja na lahaja za lugha hizo. Hili laonyesha kuwa jumba lilikuwa na lugha ya adabu na lugha za moyo. Kiarabu kilikuwa lugha ya dini, ya amri na ya heshima kwa baba. Kiswahili kilikuwa lugha ya wayaya, ya jikoni, ya uani na ya michezo ya watoto. Lugha kama Kijarkasi zilibaki kuwa amana za wanawake waliotoka nchi moja, waliozitumia baina yao bila ya shule wala maandishi.

Ndipo istilahi iliyozoeleka ya "lugha ya mama" inapopata mushkeli. Lugha ya mama yake Jilfidan ilikuwa Kijarkasi, lakini yeye mwenyewe alilelewa tangu utotoni pamoja na mabinti wa mfalme na kusoma kwa Kiarabu. Lugha alizozisema binti yake tangu utotoni zilikuwa Kiarabu na Kiswahili, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyotoka katika kijiji cha wazazi wa mama. Na hatimaye habari za Jilfidan ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha isiyokuwa ya mama, ya baba, wala ya yaya. Vizazi viwili vilivuka lugha nne au tano. Mtafiti anayetaka kuyasikia maneno yenyewe ya Jilfidan hana budi kukumbuka kwamba masimulizi ya kutekwa kwake yalikwisha kubadili lugha zaidi ya mara moja kabla ya kufika katika ukurasa uliochapishwa.

KUSOMA NA KUANDIKA

Jambo moja lilimtofautisha Jilfidan na masuria wengi: alijua kusoma. Masuria wengine, kwa mujibu wa Salme, waliingia jumbani wakiwa na umri wa miaka kumi na sita, kumi na minane au zaidi, na hawakuwa tena na hamu ya kuketi chuoni. Jilfidan aliingia akiwa mtoto. Alifanywa mwenzi wa kucheza wa mabinti wawili wa mfalme walio rika lake, akafundishwa pamoja nao. Hivyo msiba wa kutekwa mapema ndio uliomfikisha kwenye elimu. Tamko hili halikusudii kuupamba utumwa. Ni maelezo ya namna elimu ilivyogawiwa, kwamba ilifuata umri na ukaribu na watoto wa mfalme, si haja ya mtu wala uwezo wake.

Elimu hiyo aliitumia kwa wagonjwa. Alikuwa akienda na vitabu vyake kutoka kitanda kimoja hadi kingine, akiwasomea dua. Kazi hii yapasa kutazamwa kwa uzito unaostahili. Katika nyumba yenye watu wa makabila mengi, wengi wao wakiwa hawajui kusoma, msomaji mmoja alikuwa daraja kati ya maandishi takatifu na mtu anayeumwa. Kusoma kwa Jilfidan hakukuwa kwa kimya na kwa upweke. Kulikuwa kusoma kwa sauti, kwa ajili ya mwingine.

Lakini wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulikuwa ni kwa wavulana. Sababu iliyotolewa na desturi ni kwamba mwanamke akijua kuandika angeweza kuwasiliana na watu wa nje bila ya kujulikana. Matokeo yake ni kwamba mwanamke aliyetaka kupeleka barua alilazimika kuwategemea waandishi wengine, na siri yake kupita katika masikio ya watu kadhaa, na mara nyingine maana yake kuharibika njiani.

Salme aliuvuka mpaka huo. Kwa siri, bila ya mwalimu, aliifanya Kurani kuwa kielelezo, akanakili herufi zake juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama walivyofanya wavulana chuoni. Alilaumiwa na watu wa jamaa yake, lakini hakuacha. Hapa ndipo mchango wa mama unapoonekana kwa uwazi zaidi. Jilfidan hakumfundisha mwanawe kuandika. Alichomrithisha ni mazoea ya kuwa na kitabu mkononi, na mfano wa mwanamke ambaye thamani yake katika nyumba ilitokana kwa sehemu na kusoma kwake. Msahafu uliookolewa katika moto na ule uliotumiwa kujifunzia herufi ni vitu vya mapokeo mamoja. Mama aliuchukua kuwa kinga, na binti akauchukua kuwa kinga na shule pamoja.

AHADI YA WANAWAKE WAWILI

Urafiki mmoja wa Jilfidan uliathiri historia ya Unguja. Yeye na Sara, mama yake Majid na Khaduji, walikuwa Wajarkasi wote wawili, na walipendana. Waliahidiana kwamba atakayebaki baada ya mwenzake kufa atawaangalia watoto wa mwenzake. Sara alitangulia kufa. Majid alipopewa nyumba yake mwenyewe mjini, Bet il Watoro, Jilfidan aliitimiza ahadi hiyo kwa kuhamia huko pamoja na Salme, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka saba. Hapo ndipo Majid alipomfundisha mdogo wake kupanda farasi na kutumia silaha. Baadaye mama na mtoto walihamia Bet il Tani, karibu na Bet il Sahel, alipokaa Khole, binti aliyependwa sana na baba yake, na ambaye mpaka leo Wazanzibari humkumbuka kwa jina la Bi Khole kwa sababu ya magofu ya jumba lake la Bungi.

Ahadi hiyo inafundisha jambo. Watu walionyang'anywa ndugu zao wa damu walijijengea udugu mwingine. Jilfidan alipotezana na kaka yake na mdogo wake katika jioni moja. Katika nchi ya ugenini alimpata mwanamke wa nchi yake, akafunga naye mkataba ambao haukuandikwa popote, nao ulitimizwa.

Baada ya kifo cha Seyyid Said mwaka 1856, Majid alishika utawala wa Unguja, na ndugu yake Thuweni akabaki na Omani. Mwaka 1859 kipindupindu kilienea Unguja, na Jilfidan akawa mmoja wa waliokufa. Alimwachia binti yake mashamba matatu. Katika mwaka huohuo Barghash alijaribu kumpindua Majid. Salme, akivutwa na mapenzi yake kwa Khole, aliingia katika kundi la Barghash. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, lakini alijua kuandika, naye akawa katibu wa njama hiyo. Kalamu aliyojifunza kwa siri ilitumika kumpinga mtoto wa Sara, yule ambaye mama yake aliahidi kumwangalia.

Njama ilishindwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake. Salme alijuta baadaye, na katika kitabu chake hakuficha majuto hayo. Si lazima kudai kwamba lau Jilfidan angekuwa hai mambo yangalikwenda vingine. Yatosha kusema kuwa kifo chake kiliikata kamba iliyokuwa ikizifunga nyumba mbili pamoja, na kwamba uzito wa kamba hiyo ulionekana ilipokatika.

SAUTI YA BINTI NA KIMYA CHA MAMA

Salme aliondoka Unguja mwezi Agosti 1866 kwa manowari ya Kiingereza, kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Alibatizwa na kuolewa Aden tarehe 30 Mei 1867. Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini. Kumbukumbu zake alizianza kwa ajili ya watoto hao, miaka ipatayo tisa kabla ya kuzichapisha. Kwa hiyo kisa cha Jilfidan kiliandikwa na mama mjane, kwa ajili ya watoto wasiomjua bibi yao.

Ni rahisi kuzilinganisha safari mbili hizi: mama alitoka Kaukazi akafika Unguja, na binti akatoka Unguja akafika Hamburg. Ulinganifu huo usipite kiasi. Binti alichagua, ingawa uchaguzi wake ulikuwa na gharama kubwa. Mama hakuchagua. Alichukuliwa juu ya farasi na watu waliowaua wazazi wake.

Hapa ndipo panapozuka tatizo kubwa la kitabu. Salme, aliyeisimulia kwa huruma nyingi habari ya kutekwa kwa mama yake, alitetea pia mfumo wa utumwa wa nchi za Mashariki, akisema haufanani na ule wa Marekani, na akawalaumu Wazungu kwa kuuhukumu bila ya kuujua. Msomaji huona huruma na utetezi vikikaa katika kitabu kimoja bila ya kukabiliana. Sababu yake yaweza kutafutwa katika tabaka. Kwa jicho la Salme, mama yake hakuwa mtumwa bali mama wa binti wa mfalme, mwenye watumishi na mashamba. Mashamba yale matatu aliyomwachia yalikuwa sehemu ya uchumi uliotegemea jasho la Waafrika waliotekwa bara na kuuzwa Unguja, ambao nao walikuwa na wazazi, kaka na wadogo. Mtoto aliyetekwa Kaukazi alikufa akiwa miongoni mwa waliofaidika na kutekwa kwa wengine. Huu ndio ukweli mchungu wa mfumo ule: uliweza kumpandisha aliyeonewa bila ya kuondoa uonevu.

Sheria za baadaye zinathibitisha jinsi hali ya masuria ilivyokuwa ngumu kuonekana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya mwaka 1897 iliwapa watumwa haki ya kudai uhuru wao, lakini masuria waliachwa nje, wakihesabiwa kama wake. Ilipasa kungojea amri ya mwaka 1909 ndipo nao walipoingizwa. Hata waliokomesha utumwa waliona vigumu kumwita mtumwa mwanamke aliyelala nyumbani mwa bwana wake.

HITIMISHO

Uchunguzi huu unaonyesha kuwa Jilfidan si tanbihi tu katika maisha ya Seyyida Salme. Usomaji wake, msahafu wake, huruma yake kwa wagonjwa na ahadi yake kwa Sara ni mambo yaliyoijenga nyumba ambamo mwandishi alikulia, na baadhi yake yaliendelea kutenda kazi baada ya kifo chake. Aidha, jina lake lisilo na "binti", na umri wake uliokisiwa kwa jino, vinafundisha kwamba nyaraka za ukoo hazikuwekwa kwa usawa: zilimhifadhi baba na kumwacha mama.

Salme alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Watoto wake aliwapa majina ya Kizungu pamoja na ya kwao: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Jina la babu limo miongoni mwao, lakini la bibi halimo. Lililobaki la Jilfidan limo katika kurasa chache za mwanzo wa kitabu cha mwanawe, nazo zapasa kusomwa pole pole, kwa kuwa ni mahali pachache ambapo mtoto wa mkulima wa Kaukazi, kaka yake na mdogo wao wa miaka mitatu wanaonekana wakiwa bado pamoja.